Muulize Fundi: Shokapu mpya, braketi hakuna

Chini ya meza yangu ya kazi kuna ndoo ya bati iliyojaa braketi zilizokatika, vile vyuma vinavyoshikilia shokapu kwenye gari. Nyingi nimezifungua chini ya magari ya watu. Nne ni za mkono wangu mwenyewe, na hizo nimezipaka rangi nyekundu nisije nikajisahau. Vijana wa gereji wanaiita ndoo ya aibu. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kufunga shokapu na springi za kununua kwenye gari ambalo halikuzaliwa nazo, kwa hiyo nimeivuta ndoo karibu na kiti. Nitakuwa nachomoa kimoja kimoja.

Fletibaa ya milimita 3

*Shikamoo fundi. Nina pikapu yenye springi za majani nyuma. Nimeinyanyua kwa milimita 50, nikanunua shokapu ndefu zaidi za watengenezaji wengine. Juu zinaingia bila taabu. Chini ndiko kwenye kazi: shokapu ya zamani ilivaa kwenye pini iliyotokeza, hii mpya ina jicho lenye bushi na tundu la bolti ya 12, na pini haiingii. Jirani yangu fundi wa mageti anasema atanikatia fletibaa (chuma bapa) ya milimita 3, aikunje L, aitoboe, nifunge niondoke. Milimita 3 inatosha?*

Marahaba. Jirani yako simjui na mageti yake huenda ni mazuri, lakini geti halipigwi na mashimo ya barabara. Unene wa chuma nitaufikia. Kabla yake kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linaloua shokapu mpya nyingi: jicho la chini litakaa wapi?

Shokapu ina urefu wa aina mbili unaotakiwa kuujua kwa namba, ikiwa imefunga kabisa na ikiwa imefunguka kabisa, ukipima toka senta ya jicho la juu hadi senta ya jicho la chini. Tuseme yako ikifunga ni 360 na ikifunguka ni 590. Sasa lala chini ya gari. Likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima toka tundu la juu hadi pale unapotaka jicho la chini likae. Tuseme 480. Kisha inua chesisi, weka stendi imara chini yake (si matofali, tafadhali, wala si jeki peke yake), acha ekseli ining'inie, upime tena. Tuseme 575. Kipimo cha tatu kina usumbufu, maana springi ya majani hubonyezi kwa mkono. Pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na mpira wa kugotea, ule unaoizuia ekseli isigonge chesisi, gari likiwa limesimama, halafu ongeza nusu ya kimo cha mpira wenyewe, kwa kuwa nao hubonyea. Ukipata 100, basi siku gari likitumbukia shimoni urefu utakuwa 380.

Hapo uko salama. Gari linataka 380 mpaka 575, shokapu inaweza 360 mpaka 590. Una akiba ya milimita 20 upande wa kufunga na 15 upande wa kufunguka. Lakini jirani akikunja L yake ikapandisha jicho milimita 30 juu ya pale ulipopimia, kila namba inashuka 30. Shimoni unahitaji 350, shokapu inagoma kwenye 360. Mpira wa kugotea hautapata nafasi ya kubonyea inavyotakiwa, shokapu ndiyo itakuwa imeajiriwa kazi yake. Itagonga kitako mpaka vali zife au jicho ling'oke, halafu utamwandikia muuzaji kwamba kakuuzia feki.

Angalia na mlalo. Shokapu iliyosimama wima inafanya kazi yote uliyoinunulia. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, gurudumu linapata robo tatu ya nguvu hiyo, na ikilala 45 linapata nusu tu. Kwa hiyo usisogeze jicho kwa sababu pale ndipo mkono unapoingia kwa urahisi.

Tuje kwenye L. Nachomoa kipande cha kwanza, na kama si ndugu wa L ya jirani yako basi ni binamu yake. Fletibaa ya 3, mkunjo mmoja, tundu moja. Haikukatikia kwenye tundu. Imekatikia kwenye kona ya ndani ya mkunjo, na ukiigeuza kwenye mwanga inakusimulia yenyewe: sehemu kubwa ya mpasuko ni nyeusi na imelainika kwa kusuguana, ina mistari myembamba iliyopinda kama mawimbi yanayoachwa mchangani maji yakipwa. Ukingo mdogo upande wa nyuma ndio una chembe zinazometa. Mistari ile ni siku na siku za chuma kuchoka, na hicho kinachometa ndicho kilichobaki kimeshikilia peke yake asubuhi ya mwisho. Mwenye gari aliniapia kwamba ilikatika ghafla.

Kosa la L ni kwamba inaishika bolti upande mmoja. Shokapu inasukuma na kuvuta pembeni ya chuma, si katikati yake, kwa hiyo kila mtikisiko unaisokota braketi na kuipinda bolti. Ukiipa bolti mashavu mawili, jicho likakaa katikati kama mkate kwenye vidole, kule kusokotwa kunaisha na mzigo wa bolti unagawanyika sehemu mbili. Utaniuliza mbona pini ya kiwandani nayo imeshikwa upande mmoja. Kweli, ila ile ni nene, imefuliwa, na jicho lilikaa limeegemea shina lake. Fletibaa iliyokunjwa haina sifa hata moja kati ya hizo.

Nikifanya mimi ningefanya hivi. Kwenye ekseli yako kuna pleti ya chini inayobanwa na yubolti za springi. Mara nyingi pini ya shokapu imetokea hapohapo. Ningetengeneza pleti mpya nene kama ile ya zamani au zaidi, mashavu mawili ya milimita 6 yakachomelewa juu yake, na kipande cha pembetatu nyuma ya kila shavu kulizuia lisiyumbe. Faida yake ni kwamba unachomelea mezani, mbali na mafuta ya ekseli na paipu ya breki, na bomba la ekseli halipati joto la kulipinda. Tundu la bolti, toka senta hadi ukingo wa shavu ulio karibu, ningeacha milimita 24, yaani kipenyo cha bolti mara mbili. Watu huacha kidogo kwa ajili ya urembo wa kona za mviringo, kisha tundu linachanika kuelekea nje.

Toboa mashavu yote mawili yakiwa yamebanwa pamoja kwenye vaisi, kwa biti ya 12.5. Usitumie 14 eti bolti iingie kirahisi. Bolti inayocheza ndani ya tundu inakuwa nyundo.

Na nafasi kati ya mashavu, hapa nisikilize vizuri. Bushi ina bomba la chuma katikati, refu kidogo kuliko mpira. Bolti inapokazwa, mashavu yanatakiwa yalibane lile bomba lisizunguke kabisa, na mpira ndio unaojinyonga shokapu ikitembea. Pima bomba, usipime mpira. Likiwa 38, nataka nafasi ya 38.5. Ukiacha 42, utakaza nati mpaka mashavu yainame kukutana na bomba, na tangu siku hiyo kona zake zinabeba mkazo hata gari likiwa limelala. Kabla ya kuchomelea mimi hukata kipande cha bomba nene chenye urefu huohuo wa 38.5, nakiweka kati ya mashavu, nakaza bolti, napiga taki (nukta ndogo za kuchomelea) pande zote, ndipo namalizia kwa mistari mifupi nikipokezana kushoto na kulia. Bolti siifungui mpaka chuma kipoe kiasi cha kushikika. Nikiifungua kikiwa bado moto, mashavu yanavutwa kwa ndani na jicho la shokapu linagoma kuingia. Moja kati ya zile nne nyekundu ndivyo ilivyopatikana: yalivutwa, nikayatanua kwa tindo na nyundo, nikajisifu. Ilidumu miezi miwili.

Siku ya kufunga, bolti ya bushi ivalishe tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unaanza maisha ukiwa umenyongwa, na utachanika mapema.

Kwa hiyo, milimita 3 inatosha? Kwa kushikilia paipu ya breki au waya wa sensa, inatosha na kubaki. Na kwa kuwa umeinua gari, hakikisha paipu ya breki haivutiki ekseli ikining'inia. Yaelekea hiyo ndiyo kazi halali ya fletibaa ya jirani.

Springi imehamia kwenye shokapu

*Habari za kazi, fundi. Nyuma ya gari langu dogo nilitoa springi na shokapu vilivyokuwa mbalimbali, nikaweka koilova, shokapu yenye springi juu yake, kwenye sehemu ileile ya shokapu. Braketi ya juu niliiongezea kipande. Wiki mbili lilikuwa tamu. Sasa linagonga, na nikifungua kapeti naona bati limeanza kuinuka.*

Salama, ila ungekuwa karibu ningekunyang'anya funguo. Usiliendeshe tena, hata kulileta gereji. Livutwe kwa kubebwa.

Gari likisimama, shokapu ya kawaida haibebi kitu cha maana. Kazi yake ni kupinga mwendo, na pasipo mwendo imepumzika. Waliochora gari lako waliipa pale juu bati na pleti ya kutosha kazi hiyo. Uzito wa gari walipitisha kwingine, kwenye kikombe cha springi kilichokaa juu ya boriti ya bodi. Wewe umeuhamisha. Kama kona ile ya gari ina kilo 400, sasa kilo 400 zinasukuma bati lile usiku na mchana, na kwenye tuta zinakuwa mara mbili au zaidi kwa kufumba na kufumbua.

Ya pili kati ya nyekundu zangu ndiyo hii. Ni nzito, ukiiangusha kwenye sakafu inalia kama kengele. Milimita 10 ya unene, kona nimezipiga tupa mpaka zinateleza. Haijakatika popote. Imetoka na kipande cha sakafu ya gari chenye ukubwa wa sahani ya chai, kingo zake zimepinda kama kifuniko cha kopo. Gari lilikuwa la shemeji yangu. Alikuwa anarudi nyuma taratibu getini, bati likaachia, springi ikakaa juu ya tairi. Angekuwa barabara kuu nisingekuwa naandika safu hii kwa moyo mwepesi. Nilikuwa nimewaza braketi peke yake, sikuwaza inapokwenda kuegemea. Chuma kinene juu ya bati la milimita moja na nusu hakilisaidii bati, kinalikata kwa ukingo wake.

Njia ya mkato, na ndiyo ninayokushauri: rudisha springi kwenye kikombe chake na utafute shokapu nzuri ya kukaa mahali pa shokapu. Ukishikilia koilova, basi mzigo ufikishwe kwenye boriti ya bodi au chesisi. Pleti ya kuchomelea juu ya boriti iwe pana na iwe na ncha kama almasi au mdomo wa samaki, isiwe mraba. Mraba unaacha mstari wa joto uliokata boriti kwa upana, na boriti itachagua hapohapo pa kuvunjikia. Kama unafunga kwa bolti inayopenya boriti yenye uwazi ndani, ingiza bomba la kupitisha bolti ulichomelee pande mbili, vinginevyo kila ukikaza unabonyeza boriti kama kopo la maziwa, na nati haitakaa ikikazika. Kazi hii apewe mtu aliyewahi kuifanya, na kwa kuwa imegusa mwili wa gari, ikaguliwe na wakaguzi wa magari wa kwenu kabla hujapandisha abiria.

Namba kwenye kichwa cha bolti

*Fundi, nimeambiwa nitumie bolti za 12.9 kwenye braketi zangu kwa kuwa ndizo ngumu kuliko zote. Au niweke za chuma kisichoshika kutu?*

Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali, na ya pili ni sehemu ngapi kwa kumi za nguvu hiyo ambapo bolti inaanza kuvutika isirudi. 8.8 inakatika kwenye 800 na kuvutika kwenye 640. 10.9 ni 1,000 na 900. Ya 12.9 ni ngumu kweli, lakini mkwaruzo mdogo au kutu inaisumbua kuliko wenzake, na ikiamua kukatika haikuagi. Weka daraja waliloandika watengenezaji wa shokapu. Wasipoandika, mimi naweka 10.9 yenye shingo laini ndefu ya kutosha, ili mashavu yakae juu ya shingo na sio juu ya nyuzi. Nyuzi zikikaa ndani ya tundu zinalila kama tupa.

Zile zinazong'aa zilizoandikwa A2-70 zinaanza kuvutika kwenye 450. Ni chini ya 8.8, pamoja na urembo wote huo. Zifungie namba ya gari.

Homa ya usiku

*Shikamoo. Nilichomelea braketi kwa kutumia pleti nyeupe iliyopakwa zinki. Moshi ulikuwa mweupe mzito. Usiku nikatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi nikawa mzima. Inahusiana?*

Marahaba, na pole. Inahusiana. Zinki inachemka kwenye nyuzi joto 907, mapema kabisa kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake ukiuvuta unakupa homa inayokuja saa kadhaa baadaye. Kwa kawaida inaisha kwa siku moja au mbili. Ikikubana kifua, nenda hospitali na uwaambie ulichokuwa unachomelea. Mimi imenipata mara mbili, ya pili kwa ubishi. Saga zinki yote kwa grinda kuzunguka sehemu ya kuchomelea, ukiwa na barakoa ya kazi, tena mahali penye hewa. Maziwa hayasaidii, najua umeshaambiwa unywe.

Lililo baya zaidi ni dawa ya kusafishia breki. Nyingine zina klorini, na zikiguswa na joto na mwanga wa kuchomelea zinatoa fosijini, gesi iliyotumika kuulia watu Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo. Ukiwa na shaka, safisha kwa maji ya sabuni na uache pakauke kabisa.

Nimekosolewa

*Fundi, toleo lililopita ulisema nati zenye nailoni ni salama kila mahali kwenye suspensheni. Braketi yangu iko kiganja kimoja toka kwenye bomba la eksozi. Nailoni imeyeyuka.*

Una haki. Nailoni ile inastahimili nyuzi joto 120 hivi, na eksozi inapita hapo bila kujikuna. Karibu na eksozi tumia nati ya kujifunga ya chuma kitupu, ile ambayo mdomo wake umebonyezwa kidogo. Toleo lililopita niliandika kwa haraka.

Ekseli imehamia kushoto

*Fundi, za leo? Gari langu lina springi za koili nyuma na ile fimbo ndefu ya kulala inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Baada ya kuinua milimita 50, tairi la upande mmoja limetokeza nje kuliko la pili. Naona kuna braketi za kuinua ncha ya fimbo. Nitengeneze?*

Njema. Fimbo hiyo inaitwa Panhard, jina la watengenezaji magari wa Ufaransa, na kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kando. Ncha yake inachora duara, kwa hiyo gari likipanda, ekseli inavutwa pembeni. Fanya hesabu na yako. Fimbo ya milimita 900 ambayo ncha moja ilikuwa chini ya nyingine kwa 50, ukiinua gari inakuwa chini kwa 100, na ekseli inasogea kama milimita 4. Ingeanzia 100 ikaenda 150, ni milimita 7. Kwa milimita 4 mimi nisingechomelea chochote, ningenunua fimbo inayorefushika.

Ukitaka braketi kwa sababu unataka fimbo irudi kulala, sawa, lakini kumbuka kila sentimita unayoipandisha ncha ile juu ya ekseli inarefusha wenzo. Nguvu ya gari zima linapokata kona inapita kwenye bolti moja hapo juu na kuipepesua braketi. Mnara mtupu hautoshi. Lazima uwe na mkono wa kuukinga, unaoshuka kwenda upande wa pili wa bomba la ekseli. Na kama ni ekseli ya mbele, usiiguse mpaka uone fimbo ya usukani nayo inalala sambamba nayo. Zisipokuwa sambamba, kila tuta litakuzungushia usukani mkononi.

Mkunjo usiolingana

*Shikamoo baba. Mimi ni binti wa mwaka wa pili chuo cha ufundi. Nilitakiwa kukunja L ya nje 60 kwa 40, pleti ya milimita 5. Nikakata 100. Ikatoka 65 kwa 44. Nimerudia mara tatu. Wenzangu wanacheka.*

Marahaba mwanangu. Waache wacheke, wao wanakata ndefu halafu wanasaga kwa grinda, nimewaona wa kila chuo.

Kipimo cha 60 na cha 40 vyote viwili vimehesabu kona. Umeikata kona mara mbili. Tena kwenye mkunjo chuma cha nje kinavutika, cha ndani kinabanwa, na uzi usiobadilika urefu unapita karibu kidogo na upande wa ndani kuliko katikati. Kama kona ya ndani ina nusu kipenyo cha 5 (na isiwe chini ya unene wa pleti, itapasuka), hesabu inakwenda hivi. Toa kona kwenye kila upande: 60 toa 10 ni 50, 40 toa 10 ni 30. Kona yenyewe ni 1.571 mara 5 jumlisha asilimia 42 ya unene, yaani 1.571 mara 7.1, ambayo ni 11.15. Jumla 91.15. Wewe ulikata 100, ikazidi karibu 9, na 65 na 44 zinazidi 9 kamili. Kosa lako lilikuwa sahihi, kama unanielewa.

Lakini ile 42 usiichukue kama amri. Inabadilika kwa chuma na kwa mashine. Kata kipande cha 100 kamili, kikunje kwenye mashine ya chuo, pima pande mbili za nje, jumlisha. Kilichozidi 100 ndicho cha kupunguza kila ukikunja pleti hiyo kwa kona hiyo. Andika ukutani kwa chaki.

Mengine mawili. Pleti ina mistari hafifu ya kiwandani, ilikotolewa kwenye rola. Mstari wa mkunjo uikate mistari hiyo, usilale nayo. Na tundu lililo karibu na mkunjo litoboe baada ya kukunja, vinginevyo linakuwa yai. Anza na kadibodi, mpaka ikae chini ya gari bila kugusa kitu magurudumu yakikatwa kushoto na kulia, ndipo uhamishie kwenye chuma.

Kunja cha nne, kisha niandikie umepata ngapi.